Ukifika Grogan, gari litatoa siri yako

Kama hujawahi kufika Barabara ya Kirinyaga siku ya Jumamosi asubuhi, basi bado hujaiona Nairobi ikifanya kazi. Shuka matatu karibu na mzunguko wa Globe, vuka kwa hadhari, kisha ufuate barabara hiyo inayokwenda sambamba na Mto Nairobi. Hutahitaji kuuliza njia. Pua itakuongoza kwa harufu ya grisi na petroli, nayo masikio yatakuongoza kwa mlio wa nyundo.

Kwenye ramani ni Barabara ya Kirinyaga. Kwa wenyeji ni Grogan, na hata vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya jina hilo kuondolewa wanaliita hivyo hivyo. Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyepata sifa kwa safari yake ya miguu ya Cape hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka wa 1900, kisha akawa mlowezi mwenye mali nyingi hapa nchini. Mwaka wa 1907 aliwacharaza Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Si mtu ambaye ungetarajia mafundi wa jua kali wamtunzie jina. Lakini mtaa hauna habari na hayo. Leo ukisema unakwenda Grogan, maana yake ni moja tu: gari lako ni gonjwa.

Pande zote mbili za barabara utaona maduka yaliyosheheni spea hadi darini. Milango ya magari imening'inizwa kama nyama buchani. Taa za mbele zimepangwa zikikukodolea macho. Nje, magari yameegeshwa huku boneti zikiwa wazi, na chini ya kila gari imechomoza miguu miwili. Vijana watakukimbilia kabla hujazima injini. "Madam, ni shoksi? Ni breki? Sema tu!" Ukisitasita kidogo, mmoja tayari ameshika boneti yako.

Nilifika hapo Jumamosi moja gari langu likivutwa na brekidauni, na mama yangu mzazi akiwa amenyamaza kiti cha nyuma cha teksi tuliyokuwa tumepanda. Naomba nikusimulie, msomaji, ni kitu gani kilichonileta huko, kwa sababu kinaweza kukuleta wewe pia.

Nilichoka kuibiwa

Mwanamke anayeendesha gari lake mwenyewe katika mji huu anajua ninachokisema. Ukiingia gereji, fundi anakutazama wewe kwanza, kisha gari, halafu bei inapanda. Niliwahi kulipia spea ambayo haikubadilishwa. Nikaapa kwamba kazi ndogo ndogo nitazifanya mwenyewe.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa nilijifunga leso kiunoni. Nilikuwa nimenunua kichujio kipya cha hewa kwa shilingi 700, na kopo la dawa ya kusafishia mdomo wa kuingizia hewa kwenye injini. Nilitazama video kwenye simu mara tatu. Ili kufika pale nilipopataka, ilinibidi kung'oa sanduku la kichujio, na juu ya bomba lake palikuwa na kifaa kidogo cheusi kilichochomekwa soketi ya nyaya tano. Kwenye video, yule bwana aliibonyeza soketi kwa kidole gumba ikatoka kama kifuniko cha kalamu. Yangu ilikataa. Nikachukua bisibisi, nikaichokoa. Ikatoa mlio mdogo, 'tak', ikaachia.

Mlio huo niliusikia, msomaji. Niliusikia vizuri kabisa, nikaupuuza.

Nilimaliza kazi, nikarudisha kila kitu, nikawasha. Gari liliunguruma vizuri na watoto wakanipigia makofi. Siku ya nne nikielekea kazini, taa ya manjano yenye picha ya injini ikawaka kwenye dashibodi, na gari likaanza kukohoa kwenye matuta.

Jirani yangu ana kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Magari mengi ya siku hizi yana tundu hilo lenye vipini 16. Nchini Marekani lilifanywa kuwa lazima kwa magari ya kuanzia mwaka wa 1996, na utaratibu huo ukasambaa. Kompyuta ya gari ikigundua hitilafu, huihifadhi kwa namba, na kidude hicho huisoma namba hiyo. Yangu ilikuwa P0102. Nikauliza simu, simu ikanijibu: sensa ya kupima hewa, ishara iko chini mno.

Nilichokielewa mimi ni kwamba sensa imekufa.

Nilikwenda Grogan siku hiyo hiyo, nikanunua sensa iliyotoka kwenye gari kuukuu la Japani kwa shilingi 4,500. Niliibadilisha mwenyewe pale pale kando ya barabara, jirani akaifuta ile namba, taa ikazimika. Gari likaenda kama maji. Nikajipiga kifua. Kwa majuma mawili niliwasimulia wenzangu ofisini jinsi wanavyopoteza pesa kwa mafundi.

Kwenye mteremko wa Mai Mahiu

Mama yangu anaishi upande wa Narok. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, na baada ya kungoja kwa miezi kadhaa alikuwa amepewa tarehe ya kufanyiwa upasuaji hapa Nairobi. Alitakiwa kufika Ijumaa mchana apimwe, kisha apasuliwe Jumamosi asubuhi. Nikamwambia asijisumbue na matatu. Nitamfuata mwenyewe, kwani gari ni zima, nimelitengeneza kwa mikono yangu.

Kama umewahi kupita njia ya Mai Mahiu, unajua ukingo ule wa Bonde la Ufa. Chini kuna kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, walipokuwa wakiikata barabara hiyo mlimani. Kutoka hapo unapanda. Mkono mmoja ni ukuta wa mwamba, mkono wa pili ni genge, na mbali unaliona Longonot limekaa peke yake. Ni mandhari ya kumfanya mgeni asimamishe gari apige picha. Lakini barabara ni nyembamba, na malori ya mizigo yanapanda yakitambaa, moja likiwa limelikaribia jingine kama ng'ombe wanaokwenda josho.

Nilikuwa katikati ya mlima, lori mbele na lori nyuma, injini ikivuta kwa nguvu. Tukapita mahali penye shimo. Taa ya manjano ikawaka. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Huenda hujui, msomaji, jinsi gari linavyobadilika injini ikizima ghafla. Usukani unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Breki inakubali mara moja au mbili, kisha kanyagio linakuwa gumu, kwa maana ile nguvu inayokusaidia kukanyaga hutoka kwenye injini. Gari likaanza kurudi nyuma. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Kwenye kioo niliona uso wa lori ukijaza dirisha lote la nyuma, na mbele yake kichwa cha mama yangu kwenye kitambaa chake cheupe.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Tumefika?"

Dereva wa lori lile, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa ameacha nafasi. Utingo wake aliruka kabla lori halijasimama vizuri, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu langu. Wakakata matawi wakayatandaza barabarani kwa nyuma, wakaweka na vile vibao vyangu vya pembetatu. Tulikaa hapo kwa muda wa saa nne, mama ameketi juu ya jiwe, akisikiliza malori ambayo hakuweza kuyaona.

Tuliingia Nairobi usiku. Hospitali walitupokea kwa upole, lakini walisema mgonjwa aliyekosa kupimwa Ijumaa hawezi kupasuliwa Jumamosi. Tarehe nyingine iliyokuwapo ilikuwa baada ya majuma sita.

Fundi aliyeuliza kwanza

Ndivyo nilivyorudi Grogan. Teksi ilikuwa inampeleka mama nyumbani kwangu, tukapitia hapo nilikabidhi gari. Safari hii sikuwataka vijana wa kukimbilia boneti. Muuza spea mmoja alinielekeza kwa mzee anayeshughulika na umeme wa magari tu, kwenye kibanda kilichoelekea mtoni. Hana bango. Ana meza, taa ya kuchomelea risasi, mita ya kupimia volti iliyofungwa kwa raba, na mashada ya nyaya yaliyoning'inia kama mizizi.

Hakuigusa boneti. Alijifuta mikono, akauliza, "Mama, kabla ugonjwa huu haujaanza, ni nani aliyefungua hapa ndani, na alikuwa akitafuta nini?"

Nilidanganya, msomaji. Nilimwambia ni gereji fulani.

Akafungua boneti, akainama, akazitazama skrubu za sanduku la kichujio zilivyochubuka vichwa. "Gereji hiyo," akasema polepole, "haina bisibisi inayofaa."

Nilijisikia kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nikamweleza yote. Hakucheka. Alisema kujitengenezea gari si kosa, kosa ni kumficha fundi. Nusu ya kazi yake, alisema, ni kutafuta mahali ambapo mkono wa mtu ulipita mwisho.

Kisha akaisoma kompyuta ya gari. Zilitoka namba mbili, wala si moja: P0102 niliyoijua, na P0113.

"Hii ya pili hukuiona?"

Niliiona. Simu iliniambia ni ya sensa ya joto la hewa, nami nikaona hiyo ni shida ndogo ya kushughulikiwa baadaye.

"Haya, fikiria kama mwenye duka," mzee akaniambia. "Watumishi wawili wamekosa kuja kazini siku moja, saa moja. Utasema wote wamekufa, au utauliza kama wanapanda matatu moja?"

Hapo ndipo nilipotanabahi. Katika gari langu, kama katika magari mengi, kipima hewa na kipima joto la hewa vimo ndani ya kifaa kimoja, na vinatumia soketi moja. Kipima hewa kina uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita huupoza, na kadiri hewa inavyozidi ndivyo umeme zaidi unavyohitajika kuuweka katika joto lake. Kutokana na hilo kompyuta hujua ni hewa kiasi gani inaingia na ni petroli kiasi gani imwagwe. Uwiano unaotafutwa ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ishara ikikatika, kompyuta inabaki kukisia, na ukiwa mlimani na mzigo, kukisia hakutoshi.

Mzee akanieleza kosa langu kubwa. Namba ile haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta haipati habari inayoitarajia kutoka njia ile. Katika njia hiyo kuna sensa, kuna soketi, kuna nyaya, na mwisho kuna kompyuta yenyewe. Mimi nilinunua kitu cha kwanza kwenye orodha bila kuvichunguza vingine.

Alianza na nyaya. Aliichomoa soketi, akafungua swichi bila kuwasha injini, akagusa vipini kwa mita. Uzi mmoja ulikuwa na volti 12 za betri. Mwingine ulikuwa na volti 5 kutoka kwa kompyuta. Waya wa kurudishia umeme ulikuwa mzima. "Nyaya zimefika salama hadi mlangoni," akasema. Akaichomeka tena, akawasha injini, akapenyeza ncha ya mita kwa nyuma ya soketi kwenye waya wa ishara. Mita ikasoma volti 1 na ushei, injini ikiwa imetulia.

"Sasa tazama." Akaishika soketi kwa vidole viwili, akaitikisa kidogo tu, kama mtu anayepima jino la mtoto.

Mita ikaanguka hadi sifuri. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Ule ukohozi niliujua. Niliusikia mlimani. Miguu yangu ililegea, nikakaa kwenye tairi kuukuu.

Soketi ile ilikuwa na ulimi mdogo wa plastiki unaoifunga. Plastiki iliyokaa karibu na injini kwa miaka mingi hukauka na kuwa kama ganda la yai. Ulimi huo ndio uliolia 'tak' siku ile nilipouchokoa kwa bisibisi. Tangu hapo soketi ilikuwa imekaa tu mahali pake bila kufungwa, ikirudi nyuma kidogo kidogo kila gari linaporuka. Mlimani injini ikivuta kwa nguvu huinama kwenye mihimili yake na kuzivuta nyaya, na shimo lile likamalizia kazi.

"Lakini mzee," nikauliza, "mbona nilipoweka sensa mpya gari lilipona majuma mawili?"

"Si sensa iliyoliponya. Ni mkono wako. Uliichomeka soketi upya, ikakaa sawa. Ungeichomoa ile ya zamani na kuirudisha hiyo hiyo, ingepona vile vile."

Akanitaka nimpe ile sensa ya zamani, ambayo kwa bahati nilikuwa nimeitia kwenye buti. Akaichomeka, akaibana soketi kwa mkono. Volti 1 na ushei. Nzima kabisa. Zile shilingi 4,500 nilikuwa nimenunua kitu nilichokuwa nacho.

Alichukua soketi nzima kutoka kwenye shada la nyaya za gari lililovunjwa, akaunganisha nyaya tano moja moja kwa risasi, akazivika mipira na kuzifunga mbali na mahali zinapoweza kuvutwa. Kazi na spea ilikuwa shilingi 1,800. Brekidauni peke yake ilikuwa imekula 9,000. Kisha aliiacha injini ikinguruma, akaitikisa soketi tena mbele yangu mpaka niliporidhika mimi, si yeye.

Ya kubeba nyumbani

Msomaji, sikuambii uache kufungua boneti yako. Mzee hakuniambia hivyo. Aliniambia haya, nami nakupa kama nilivyopewa.

Taa ya injini ikiwaka baada ya mkono wako kupita, rudi kwanza pale mkono ulipopita. Angalia soketi, mabomba ya hewa na vibano kabla ya kufungua pochi. Usifungue swichi wakati soketi ya sensa imechomolewa, maana hilo peke yake linaweza kuandika kosa kwenye kompyuta. Soma namba zote, uziandike kwenye karatasi kabla ya kuzifuta. Zikiwa mbili au zaidi, uliza zinashirikiana wapi. Kufuta namba si kutengeneza gari. Na gari likipona usijue limeponaje, hesabu kwamba bado ni gonjwa, wala usimpakie mtu ndani ukaenda naye safari ya mbali.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Nilikuwa na hofu ya kudanganywa na fundi, na mwisho wa yote aliyenidanganya ni mimi mwenyewe. Nilitaka sana kuamini kwamba nimeweza.

Mama bado yuko nyumbani kwangu akingoja tarehe yake. Jioni hunisikiliza nikimsomea, kwa sababu maandishi hayaoni tena. Juzi nilimweleza habari yote ya soketi, tangu ule mlio hadi mita ilipoanguka. Nilimwambia kwamba gari sasa limepona kweli, na nimeligongesha kwenye kila tuta la mtaa wetu nikilijaribu.

Alisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono.

"Umefanya vyema, mwanangu," akasema. "Siku ya hospitali tutapanda matatu."